Foie ya Mujomba na Kibuyu cha Bakwe

Mujomba wangu, kaka yake mama, alikuwa ananunua kakao kuanzia Mabalako hadi Oicha, na kila gunia alilonunua alilifunga kwa chupa. Ndivyo biashara ilivyokwenda kwetu Beni: mnavutana bei mpaka mishipa ya shingo inatoka, mnakubaliana, kisha mnakunywa pamoja ili kila mmoja aone kwamba mwenzake hana kinyongo. Gunia bila chupa, alikuwa anasema, ni ubatizo bila maji. Kwa hesabu hiyo ini lake, ambalo sisi wote tunaliita foie, lilihudhuria ubatizo mwingi kuliko padri yeyote wa jimbo letu.

Kwa muda mrefu foie ile ilivumilia bila kelele. Halafu tumbo la mujomba likaanza kumtangulia njiani kama katekista anavyomtangulia askofu, na macho yake yakachukua rangi ya ndizi iliyoiva. Alichoka akiwa amekaa. Siku moja alichoka akiwa amelala, na hapo tantine, mke wake, akasema sasa inatosha, tutafute dawa.

Dawa ilikuja yenyewe mpaka mulangoni, juu ya pikipiki, ikiwa na megafoni.

"Vitamini! Vitamini ya foie, ya damu, ya mugongo! Inapatia muzee nguvu, inapatia mutoto akili ya kalkul, ya hesabu! Papa, kuya uone! Mama, ita papa!"

Mujomba aliitwa, akaja, akanunua. Kesho yake mwenye megafoni alipita tena, naye akanunua tena, kwa sababu ya jana ilikuwa ya foie peke yake na ya leo ilikuwa ya foie pamoja na macho. Chupa zilipangwa juu ya kabati, kuzunguka sanamu ya Bikira Maria, mpaka Mama Maria mwenyewe akaonekana kama ndiye mwenye famasi na sisi ni wateja wake.

Wakati ule nilikuwa ninaishi kwake, mtaa wa Beu. Mchana nilipima kakao yake kwenye mizani. Jioni nilikwenda shule ya jioni, pamoja na polisi wawili, wamama wenye watoto mgongoni, na mwalimu ambaye alisinzia kabla yetu. Katika shule hiyo nilipata diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari, kwa asilimia ambayo sitaitaja kwa sababu ya unyenyekevu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyesomea nyumba nzima maandishi ya chupa.

"Vitamini A," nilisoma. "Vitamini B. Hapa C na D. Hii ya kijani iko na E. Mujomba, hapa iko alfabeti muzima!"

"Basi wakifika Z," mujomba alisema, "nitapona."

Hakupona. Macho yalizidi kuwa manjano, na miguu ikaanza kuvimba. Tantine alifunga chupa zote ndani ya kitenge, akampandisha mujomba kwenye gari la Butembo, na mimi nikafuata kama mtaalamu wa alfabeti.

Daktari aliyetupokea kule Butembo alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa na kazi ya serikali. Mwembamba kama sindano yake, anachanganya Kiswahili na Lingala na Kifaransa katika sufuria moja, na bado unaelewa kila kitu. Alichukua damu, akapitisha juu ya lile tumbo mashine ya ekografi, ile inayoonyesha picha za ndani, akatazama. Halafu tantine alifungua kitenge na chupa zikajaa mezani.

"Papa," daktari aliuliza, "unajua chukudu?"

Mtu aliyezaliwa Butembo anaulizwa kama anajua chukudu! Ni kama kumuuliza samaki kama amewahi kusikia habari za maji. Mujomba alijifunza kusimama kwa kushikilia usukani wa lile dude la mbao la magurudumu mawili, la kusukumia mizigo. Alishusha nalo viazi vya Lubero kabla ndevu hazijaota.

"Najua, docteur," alijibu kwa heshima iliyochoka.

"Bon. Foie yako iko chukudu. Kila kitu unakula, yeye njo inabeba. Kila kitu unakunywa, njo inabeba. Dawa pia inapita pale. Sasa chukudu inashindwa kupanda mulima, na weye unatupa gunia ya vitamini juu yake, unasema ni musaada?"

"Mais docteur, vitamini iko nguvu."

"Vitamini, mwili inaomba. Donc, ukule! Lenga-lenga iko na vitamini. Karoti, papai, maracuja, maharagi. Mutu mwenye kula vizuri, chupa ya nini? Hii ya A, ukizidisha, inachokesha foie yenyewe. Hii ya fer, ya chuma, nani alipima damu yako akaona fer inakosa?"

Niligeuza chupa ya fer nitafute jina la aliyepima.

"Yule wa pikipiki," tantine alisema kwa sauti ndogo sana.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu aliivaa tena, na hapo ndipo tulipoogopa, kwa sababu alivaa na sura nyingine. Pombe, alisema, hapana. Kindingi hapana. Bière hapana. Kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, hapana, hata ya kuonja. Chumvi kidogo; makayabu, ule samaki wa chumvi, muagane vizuri. Mafuta ya ngazi, yaani mawese, kidogo. Sukari na soda za sucré kidogo. Samaki fresh wa ziwa, ndiyo. Kuku bila ngozi, ndiyo. Sombe, majani yetu ya muhogo, ndiyo, lakini isiogelee mafutani.

"Na kawa?" mujomba aliuliza, ili apate japo kitu kimoja cha kukatazwa asichokipenda.

"Kawa bila sukari, kunywa. Inaweza hata saidia."

Mujomba alishangaa kuliko alivyoshangaa kuhusu foie. Sisi tunapanda kawa, yaani kahawa, tunaivuna, tunaianika mbele ya nyumba, tunafukuza kuku wasiikanyage, tunaiuza yote, halafu tunakunywa chai.

"Sikia, papa," daktari alimalizia. "Foie inasamehe. Ukiacha leo, itarudi pole pole. Lakini hapana mara sabini mara saba. Ukiendelea itakuwa ngumu kaa jiwe, na jiwe haijue kusamehe."

Njiani kurudi, gari lilitoka mjini kabisa. Ndipo tantine alipouliza, huku anatazama dirishani:

"Na kibuyu?"

Hapo inanibidi nieleze. Mujomba alikuwa na binti mmoja tu, na bakwe, wakwe wa upande wa kijana, walikuwa tayari wamebisha hodi kutoka Butembo. Siku ya kuleta mbuzi wa mahari ilikaribia. Katika ukoo wetu, siku hiyo baba wa msichana anaitiwa kibuyu cha kasiksi mbele ya watu wote. Anakunywa wa kwanza, anameza kweli kweli, koo lionekane linavyofanya kazi, kisha anampa msemaji wa upande wa kijana. Baba asipokunywa, amekataa kijana. Hakuna hotuba inayoweza kutengeneza hilo. Mbuzi wanageuzwa vichwa, wanarudi walikotoka, na msichana anabaki kuwa yule ambaye baba yake alikataa kibuyu.

Kusema tu kwamba baba ni mgonjwa? Jaribu kwetu. Ukisema foie, kabla hujafunga mdomo watu wamekwisha kuuliza kama ni ya ukoo, kama binti naye hana, na ni jirani gani aliyemloga. Kwa hiyo mujomba alikuwa amebanwa: akinywa, foie inageuka jiwe, asipokunywa, binti yake haolewi.

Baraza la familia lilinichagua mimi kuwa mlinzi wa sahani yake. Nilikuwa mkali. Nilinusa kila mchuzi kama mbwa wa doane pale mpakani. Mujomba alilishwa maharagi na lenga-lenga, ule mchicha wetu, mpaka akadai kwamba akipita sokoni mbuzi wanamfuata wakidhani ni shamba. Alikunywa kawa nyeusi akikunja uso, na kila asubuhi aliniuliza kwa huruma wazungu walikuwa na dhambi gani hata wakapewa adhabu hii.

Lakini alikubali haraka mno, na hilo lilipaswa kuniamsha mapema. Aliomba kitu kimoja tu: abakiziwe chupa moja ya vitamini, ile ya kijani, kwa ukumbusho. Akawa anajipimia kijiko kila asubuhi.

"Docteur alikataza," tantine alimwambia.

"Hii ni ya kikohozi."

"Haukohoi!"

"Si unaona inavyosaidia?"

Asubuhi moja chupa ilimteleza pale mulangoni, ikamwagika. Jogoo wa jirani alikuwa anapita na mambo yake. Alidona, akatulia, akadona tena kwa nguvu mpya. Halafu akanyoosha shingo, akaishambulia pikipiki iliyokuwa imeegeshwa mbele ya nyumba, akaipiga teke la ubavuni, akaizunguka akiitukana, na mwishowe akalala chini yake akikoroma. Najua kuku hakoromi. Huyu alikoroma.

Tantine aliinama, akachovya kidole, akanusa. Kindingi. Kindingi ni ile kali ambayo ukiimwaga kwenye simenti, simenti inaomba msamaha.

"Ee Nyamuhanga," mujomba alisema, akitazama mbinguni, "mwenye megafoni alituuzia kitu gani?"

Hakuna aliyecheka wakati ule. Binti yake alitoka ndani. Alimnyanyua jogoo, ambaye kichwa kilining'inia kama soksi, akaja kumweka juu ya mapaja ya baba yake.

"Papa, mi nataka unipeleke mu kanisa na miguu yako. Hapana mu picha. Sitaki kuweka picha yako pale juu ya meza na mushumaa pembeni, niambie batu: huyu njo papa, angekuwa hapa."

Mujomba alimshika yule jogoo kwa muda mrefu. Alimpapasa mgongo mpaka jogoo akafungua jicho moja, akalifunga tena. Ile chupa ya kijani aliivunja mwenyewe nyuma ya jikoni, na tangu siku ile sikunusa tena kitu. Mimi ninaongeza mambo, wote wananijua, lakini hilo siongezi.

Sasa kilibaki kibuyu, na hapo tantine alitoa akili ambayo hawafundishi shule ya mchana wala ya jioni. Kasiksi, kabla ya kuwa kasiksi, ni mutobe: maji matamu ya ndizi zilizokamuliwa. Ni unga wa mtama na usiku wa kulala ndivyo vinavyoutia ukali. Rangi ni ileile, na povu unalipata ukiutikisa vizuri. Tantine angekamua ndizi asubuhi ileile, angeujaza kwenye kibuyu kipya kisichowahi kuonja pombe, kwa sababu kibuyu cha zamani kina kumbukumbu. Kuhusu sukari, alimpigia simu daktari, akajibiwa kwamba funda moja la mutobe halimuui mtu, bora lisiwe mazoea.

"Na ukali?" mujomba aliuliza. "Batu bataona sikunje uso."

"Fikiria kawa yako," tantine alimjibu.

Siku ilifika. Bakwe walishuka kutoka Butembo wakiwa wamejaa ndani ya mabasi madogo, na mbuzi nyuma yao kwenye Fuso, wakilia kama kwaya isiyofanya mazoezi ya répétition. Msemaji wao alikuwa baba mukubwa wa kijana, mfanyabiashara wa mabati, mtu mnene mwenye kofia ya kijivu. Sifa zake zilifika kabla yake: huko Butembo, walisema, yule mzee alikuwa anakunywa kasiksi mpaka migomba inaogopa kuzaa.

Niliwekwa kando ya vibuyu. Vya kasiksi ya kweli vilikuwa kwa wageni wengine. Cha mutobe kilifungwa kipande cha kamba ya mgomba shingoni, na nilikishika kati ya magoti yangu kama yai. Tantine alinitolea onyo moja tu: "Jua iko kali. Bakichelewa, itaanza kugeuka."

Na wakachelewa! Msemaji wetu alisimama, akaanzia kwa babu wa babu, akipita mto kwa mto. Msemaji wao akajibu, akiwataja mababu wake pamoja na magonjwa yaliyowaua. Walivutana kuhusu mbuzi mmoja aliyechechemea: upande wetu ukasema ni kilema, upande wao ukasema ni mwendo wake wa heshima. Jua la Beni likatulalia vichwani. Nikatega sikio kwenye kibuyu. Ndani, kitu kilisema: pss.

Kila hotuba iliuongezea mutobe umri. Walipofika kwenye shukrani ulikuwa mtoto wa shule. Walipofika kwenye methali ulikuwa umeota ndevu. Nilikohoa. Nikakohoa tena. Mama mmoja akaniletea maji na kusema siku hizi vijana wana vifua vibovu. Mwishowe nilisimama, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye diplome: "Bazee, mbuzi bamekubali. Sisi tunangojea nini?"

Watu walicheka, na kibuyu kikaitwa.

Nilinusa shingoni, ulikuwa bado mutobe, nikakipeleka. Mujomba alisimama akiwa na koti lake la Pasaka, ambalo sasa lilifunga vifungo vyote, kwani tumbo lilikuwa limeanza kurudi kwa mwenyewe. Alikitazama kibuyu, akamtazama binti yake, akanywa. Koo lilipanda, likashuka. Halafu akafikiria kawa. Nimewaona waigizaji, lakini sijaona uso ukikunjwa namna ile: macho yalipotea, pua ikahama, na mdomo ukatoa "aaah!" iliyowaamsha mbuzi waliolala.

"Kasiksi ya leo," alitangaza huku anayumba kidogo, "haina mukubwa!"

Vigelegele vikapigwa. Akampa msemaji wa bakwe.

Hapo niliona kosa letu. Tulikuwa tumepanga kila kitu mpaka kwenye koo la mujomba, na hakuna aliyefikiria koo la pili. Yule mzee angeonja nini? Angeonja kinywaji cha watoto, kilichotolewa mbele ya ukoo wake wote. Mbuzi wangerudi Butembo na aibu ingebaki Beni. Niliona mkono wa tantine ukishika mlango wa jikoni. Binti alikuwa ameinamisha kichwa kama desturi inavyotaka, lakini jicho moja lilikuwa juu.

Mzee alivua kofia. Akanywa. Akasimama katikati ya funda, mashavu yamejaa, akamtazama mujomba. Mujomba akatazama mabati ya paa kana kwamba anataka kuyanunua.

Mzee akameza.

"Bakwe," alisema polepole, "hii kasiksi..."

Hata yule mbuzi mwenye mwendo wa heshima alisimama.

"...iko KALI!"

Akakinyanyua tena. Kijana mmoja wa upande wao alinyoosha mkono apate zamu yake, mzee akampiga kofi la vidole: "Toka! Hii si ya batoto, itakuua!" Akanywa tena, na tena, mpaka kibuyu kikageuzwa juu chini na halikudondoka hata tone. Kisha akavaa kofia kinyumenyume, akamkumbatia mujomba, na wale wazee wawili wakaanza kucheza wakiegemeana, wakikanyagana, wakiimba kila mmoja wimbo wake. Watu walisema hawajaona ulevi wa heshima kama ule.

Baadaye niliingia jikoni kumsaidia tantine kupakua, nikamkuta pale pamoja na mujomba na yule mzee wa kofia. Mzee alikuwa amesimama wima kama mlingoti, sauti yake safi kabisa.

"Mama," alikuwa anamwambia tantine, "haukubakisha hata kidogo mu bidon? Docteur alinikatalia kali yote tangu Pasaka. Ku barabara yote kutoka Butembo nilikuwa najiuliza: leo nitakufa na kibuyu ama nitakufa na haya?"

Mujomba alimgeukia.

"Docteur gani?"

"Yule Mukasai. Mwembamba."

"Na weye," mujomba aliuliza, "alikuambia habari ya chukudu?"

Mzee alishika ukuta kwa kucheka. Mujomba alikaa juu ya gunia la makaa, koti la Pasaka na yote, akalia machozi ya kicheko mpaka tantine akafunga mlango ili wageni wasisikie vicheko vya watu wasiolewa.

Arusi ilifungwa Butembo. Mujomba alimpeleka binti yake mpaka altareni kwa miguu yake mwenyewe, na macho yake yalikuwa meupe vya kutosha kwa picha. Daktari amempima tena: foie imepungua uvimbe, ingawa bado hajaruhusiwa hata kunusa. Siku hizi anakwenda kupimwa pamoja na mukwe mwenziwe. Wanakaa kwenye benchi moja wakibishana ni mke wa nani anayepika maharagi vizuri.

Tatizo ni sifa. Katika kila sherehe wanaitwa, na katika kila sherehe wanapewa kibuyu chenye kamba shingoni, wanaonja kila mmoja funda lake, halafu wanacheza mpaka viti vinaanguka. Beni na Butembo zote zinawajua kama walevi wakubwa kuliko wote walio hai. Dominika moja padri alichoka. Alihubiri juu ya ulevi huku anawatazama wao wawili, safu ya mbele, na akasema wazee wengine hawana huruma hata na foie zao.

Waliinamisha vichwa kwa toba. Nilikuwa nyuma yao, na nilimsikia mujomba akimnong'oneza mwenziwe:

"Umesikia? Hata padri anaona tunakunywa vizuri."